Maduara ya Daktari Taghrid

Mimi ni mpima ardhi mstaafu, na kwa miaka thelathini na mitatu hakuna mtu Karak nzima, huku kwetu Jordan, aliyethubutu kuniambia kwamba mstari wangu umepinda. Nasema haya mapema ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani. Nilipostaafu nilichora mti wa ukoo wetu. Kazi ile ilinila miaka kumi na mmoja na miwani mitatu. Majina mia sita na kumi na mawili, kuanzia babu aliyefika bondeni na ngamia wake wawili hadi kitukuu aliyezaliwa mwaka juzi, yote kwa mkono wangu. Wazee wakautia kwenye kioo na kuutundika katika ukumbi wa ukoo, juu ya viti vyao. Watu walikuja kupiga nao picha. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Hapakuwa na jina la mwanamke hata moja katika mti ule, na wala hakuna aliyeuliza.

Kisha binti yangu Shuruq akaugua. Ni mwalimu wa kemia, kitinda mimba wangu baada ya wavulana wawili, wakati ule ana miaka ishirini na minne. Alianza kuota alama za zambarau mikononi, mama yake akadhani ni madawati ya shule yanamgonga. Siku moja fizi zikatoka damu mpaka mto ukaloa. Hospitali ya Amman ikatuambia ni saratani ya damu. Walimtia dawa kali mara mbili, nywele zikaenda, ugonjwa ukatulia. Lakini daktari wa wodi alinieleza bila kuzunguka kwamba utarudi, pengine kabla miezi miwili haijaisha. Dawa yake hasa ni kumpandikizia seli shina za mtu mwingine, zile seli mama zinazozaa damu yote mwilini, na mtu huyo lazima afanane naye kwa alama za damu.

Wanangu Rakan na Naif, huyu ambaye kwa jina lake mimi Mutlaq naitwa Abu Naif, yaani baba Naif, wakapimwa. Walifanana wao kwa wao kama jozi ya viatu, dada yao hawakufanana naye. Nilimwona Naif, baba mzima wa watoto, amekaa kwenye ngazi za hospitali analia kwa sababu damu yake imefanana na ya mtu asiyeumwa.

Ndipo tukapelekwa kwa Daktari Taghrid.

Yeye hakuwa wa wodini. Alikuwa mtafiti, na chumba chake kilikuwa chini kabisa, karibu na dobi, kimejaa makabati ya droo tangu sakafuni hadi darini. Mwanamke mfupi wa Irbid, miwani imefungwa kamba shingoni, hana muda wa maneno matamu. Kazi yake ya miaka kumi na minane ilikuwa moja: wagonjwa waliokosa wa kufanana nao nyumbani, kuwatafutia katika jamaa wa mbali.

"Orodha za wafadhili za ng'ambo nimeshatazama," alisema. "Hakuna. Watu wetu ni wachache mno mle. Kuna njia ya kutumia anayefanana nusu, na wengi wamepona nayo. Lakini Shuruq ameongezewa damu nyingi, mwili wake umeshajifunza kukataa seli za kaka zake, zako na za mama yake. Nataka wa kufanana kamili. Na sisi, Abu Naif, tunaoana binamu kwa binamu tangu enzi. Damu ileile inazunguka na kurudi. Mtu wake yupo. Niletee mti wa ukoo."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Binti yangu yuko juu amelazwa, na mimi moyo unanidunda kwa sababu mtu mwenye elimu ameomba mti wangu. Kesho yake nilimfungulia nakala mezani, mita mbili na nusu. Akavaa miwani. Akaupitia kimya, kidole kikitambaa tawi kwa tawi, na mimi nikingoja sifa zangu.

"Kazi safi," alisema. "Wanawake wako wapi?"

"Wanawake huolewa, daktari."

"Najua huolewa, nami nimeolewa. Wako wapi?"

Akavuta droo na kunionyesha karatasi zake. Kwake mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, na kila mraba umeshikana na duara kama ndoano na kifungo. "Wako ni miraba mitupu," alisema. "Hawa wote walijizaa wenyewe? Bibi yako mzaa mama yako aliitwa nani?"

Sikujua. Na hata ningejua, kwetu mwanamume hataji jina la mama yake mbele za watu, sembuse la bibi yake. Tangu shule ya msingi tunapigana kwa ajili hiyo: mtu akilijua jina la mama yako amekupata. Mke tunamwita "watu wa nyumbani." Nilimwambia nitaleta wanaume wa ukoo, wapimwe wao kwanza.

"Nimekuomba wanawake," alisema, "lakini leta, leta hao ulio nao."

Nikaleta. Ukoo wetu ukiitwa hauulizi mara mbili, na kwa hilo nitawashukuru mpaka kaburini. Mabasi matatu, wanaume arobaini na saba wenye vilemba vyekundu, birika la kahawa mbele, na mbele ya birika Abu Dirgham, mzee wetu mkubwa wa ukumbi, miaka themanini na moja, fimbo juu. Walinzi wa hospitali walidhani tumekuja kulipiza kisasi.

"Damu! Tumekuja kutoa damu!" alinguruma Abu Dirgham.

"Mzee, ni mate tu," muuguzi akamwambia. "Nasugua pamba shavuni kwa ndani."

"Mate? Nimevaa joho la sikukuu kwa ajili ya mate?"

Kulikuwa na fomu, na kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la mama. Hapo foleni ikakwama. Wanaume arobaini na saba, mmoja mmoja, wakawa wanainama hadi sikioni kwa yule muuguzi na kunong'ona, mkono umeziba mdomo ili wa nyuma asisikie. Abu Dirgham aligoma kabisa. "Andika Umm Dirgham mkubwa," alisema, yaani Mama Dirgham, jina la mkewe, ila mkubwa. Muuguzi akacheka mpaka kalamu ikamwanguka. Nami nilinong'ona, sitajitoa.

Baada ya siku tisa majibu yakaja. Hakuna hata mmoja.

Siku ile niliketi garini nje ya hospitali, nikashindwa kuwasha injini. Wiki tatu za ile miezi miwili zilikuwa zimekwisha. Shuruq aliniuliza kwa simu, "Baba, wangapi wamefanana?" na mimi nikamwambia bado wanahesabu. Akanijibu, "Baba, mimi nafundisha kemia. Usinidanganye kama mtoto."

Ijumaa iliyofuata Daktari Taghrid alikuja kijijini mwenyewe, kwa gari lake dogo lenye taa moja. Hakuja ukumbini. Aliuliza, "Mama yako yuko wapi?" nikamwambia yuko jikoni, akapita mbele yangu kama mtu aliyezaliwa mle.

Mama yangu, Hajja Wadha, alikuwa anatoboa mung'unye wa kujaza wali. Daktari akavua koti, akachukua kisu cha pili, akakaa naye mkekani, penseli sikioni. Mimi nilibaki nje ya mlango, nikijifanya natengeneza bawaba.

"Hajja, nitajie waliokuzaa na waliowazaa. Wanawake tu. Wanaume ninao tele, mwanao kanijazia."

Mama akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afe. "Huyu? Kachora miaka kumi na mmoja, hakuniuliza hata siku moja. Nilikuwa nampelekea chai, naona anakuna kichwa: 'Sijui huyu alioa wapi.' Najisemea, na akune."

"Mbona hukumwambia?"

"Aliniuliza?"

Walikaa kwa muda wa saa nne. Nani aliolewa na nani, nani ni dada wa nani, ndoa gani zilikuwa za kubadilishana, yaani mimi nikupe dada yangu nawe unipe wako. Mama hajui kusoma, lakini hakukosea hata mahali pamoja. Maduara yakajaa karatasi tano. Katikati nikamsikia akimuuliza daktari, "Na wewe mwanangu, nani alikutia kazi hii?"

Kisu kiliendelea kukwaruza.

"Kaka yangu, Hajja. Muhannad. Alikuwa na ugonjwa huuhuu. Tulipimwa wote nyumbani, tukakosa. Kulikuwa na binti wa mama mdogo. Wakasema msichana hajaposwa, akipimwa watu watasema ukoo una ugonjwa wa damu, ataozea nyumbani. Asipimwe. Muhannad akafa. Miaka miwili baadaye nimeanza utafiti, yule binti akaja mwenyewe kwa siri, akaniambia nipime. Nikampima." Akachukua mung'unye mwingine. "Alama zote, Hajja. Zote. Mti wangu ndio wa kwanza kwenye droo."

Niliona kwa upenyo wa mlango mama akimwekea mkono kichwani, mkono wenye mbegu za mung'unye, na daktari akauacha pale. Hapo mimi bisibisi ikanishinda.

Kisha mama akasema kwa sauti ya kufika nje, "Sasa mwite huyo anayesikiliza mlangoni aje aseme mwenyewe habari za Fidda."

Fidda ni dada yangu. Itabidi nieleze, ingawa sina pa kuuficha uso. Mimi nilimwoa Ghazwa, mama wa wanangu, na siku hiyohiyo kaka yake Ghazwa akamwoa Fidda. Ndoa ya kubadilishana. Baada ya miaka sita yule bwana akampa Fidda talaka. Kwa desturi nami ilinipasa nimrudishe Ghazwa kwao. Sikumrudisha, nilimpenda, na hilo silijutii. Ninalojutia ni kwamba wazee walipotaka suluhu nikakubali Fidda asidai chochote na habari zake zisitajwe tena, ili nibaki na nyumba yangu. Fidda akachukua kichanga chake, msichana, akaenda mji wa Zarqa kushona sare za shule. Kila sikukuu mwanamume wa kwetu huwazungukia dada zake. Mwaka wa kwanza nilikwenda, wa pili akanifungia mlango, wa tatu nikasema basi. Sikukuu hamsini zikapita hivyo, ndogo na kubwa. Yule mtoto nilikuwa simhesabu kama wetu. Kwa mti wangu, alikuwa wa kwa baba yake, tena msichana.

Daktari Taghrid alisikiliza mpaka mwisho. Akachora duara moja, akaliunganisha na babu wawili na bibi wawili wa Shuruq. Wote wanne.

"Abu Naif," alisema, na safari hii hakuwa mkali. "Baba wa mtoto huyu ni kaka wa mama wa Shuruq, na mama yake ni dada yako. Kwa ndugu, bahati ni mmoja kwa wanne. Kwa huyu ni mmoja kwa kumi na sita. Wale wanaume wako wengi hawakufikia hata mmoja kwa mia. Na ulikuwa naye muda wote." Akatoa mfukoni kichupa chenye kijiti cha pamba. "Nenda."

Nilikwenda asubuhi. Fidda alinifungulia, amezeeka, chaki ya cherehani imemganda vidoleni. "Karibu, Abu Naif," alisema. Hakuniita kaka.

Akaleta kahawa. Nikaiweka mezani bila kuigusa, kama afanyavyo mtu mwenye ombi: hainywi mpaka mwenyeji amkubalie.

"Nini hiyo?"

"Nina haja kwako."

"Ya ukumbini wapelekee wanaume wenzio. Hapa kahawa ikipoa inamwagwa, na kikombe nakiosha mimi."

Nikaeleza yote, nikikwama, nikirudia. Alinitazama bila kupepesa. Nilipotaja Shuruq akauliza, "Huyo ni yupi?"

"Wa mwisho."

"Nilisikia umepata binti. Sikukuu ile nilioka keki za tende, nikajua utakuja kuniambia mwenyewe. Mlango niliuacha wazi."

Hapo akaingia msichana mrefu, mkoba wa bisibisi begani. Kazi yake kutengeneza simu katika duka la mtaa wa pili. Alikuwa na nyusi za mama yangu. Fidda akamwambia, "Mizna, huyu mjomba wako."

"Mjomba? Kumbe ninaye!" Akaketi, akanitazama juu mpaka chini. "Haya mjomba, umekuja kuniposea mtu au kukopa?"

"Nimekuja kuomba mate."

Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Nilipomaliza kueleza mara ya pili alikuwa ameshafunua mdomo. Fidda akamshika mkono.

"Subiri. Mutlaq, tangu umeingia umesema 'mama wa binti,' umesema 'watu wa nyumbani,' umesema 'nyie.' Mimi nina jina."

"Fidda," nikasema.

"Humu hamna watu. Utakwenda kulisema kule kwenye kioo chenu, mbele yao. Langu na la mwanangu. Lakini sikupi kwa sharti, usinielewe vibaya. Mtoto wako hana kosa. Mpe, Mizna." Kisha akaniwekea kikombe mkononi. "Na unywe, imeshapoa."

Niliinywa baridi, na sijapata kunywa kahawa tamu kama ile.

Siku ya nane simu ililia nikiwa naswali. Sikukata swala, Mungu shahidi, ila rakaa ya mwisho sijui niliisomaje. Nilipopiga, Daktari Taghrid hakusalimu. "Alama zote, Abu Naif," alisema. "Zote." Kisha nikasikia mwanamke yule mkali akilia kwenye simu, nami nikaketi palepale juu ya mkeka wa swala nikalia naye, na Ghazwa alipokuja mbio sikuweza kumweleza, nikamwonyesha tu vidole kumi, alama kumi kati ya kumi.

Mizna alichomwa sindano siku tano ili seli zile zitoke kwenye uboho zije kwenye damu. Mifupa ilimuuma, akawa anatembea kama bibi na kutusimanga sote. Siku ya sita alilazwa kando ya mashine, damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi mkono ule, saa nne nzima, na muda wote anamfundisha fundi wa mashine namna ya kufufua simu iliyoingia maji. Kilichotoka ni mfuko mmoja mwekundu wa kupauka, mdogo kuliko mfuko wa sukari. Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa.

Shuruq alikuwa amevunjwa na dawa, seli zake zote zimefutwa, amefungiwa nyuma ya vioo. Mfuko ulitiririka kwa nusu saa. Kisha tukangoja. Kila asubuhi daktari wa wodi anaandika seli nyeupe ubaoni: sifuri, sifuri, sifuri. Siku ya kumi homa ilipanda, tukaambiwa tuombe. Fidda alikuja Amman na cherehani lake la mkono, akakaa kwenye korido na Ghazwa, wifi yake ambaye hawakuwa wamesemezana miaka ishirini na saba. Siku ya kumi na mbili nikawakuta wanagombana kuhusu chumvi kwenye supu, nikajua hao wamepatana. Siku ya kumi na nne ubaoni paliandikwa mia mbili. Ya kumi na sita, mia saba.

Shuruq alibandika karatasi kwenye kioo ili tuione tulio nje: "Sasa naruhusiwa kuomba mansaf?" Ndicho chakula chetu cha karamu, wali na nyama ya kondoo kwenye mtindi.

Siku ya mia moja Daktari Taghrid alituita chumbani kwake karibu na dobi. Alikuwa amepima damu ya Shuruq. "Haina hata seli moja ya zamani," alisema. "Kundi lake lilikuwa A, linageuka kuwa O. Damu yote humu ndani ni ya Mizna." Akatoa karatasi ya familia yetu kwenye droo, akanipa penseli. "Duara la aliyepatikana huwa tunalijaza rangi. Lijaze mwenyewe, wewe mtu wa mistari."

Nikalijaza, rangi ikatoka nje ya mstari. Aliipokea karatasi vilevile, ila mstari uliopinda niliuona mwenyewe.

Tukafanya karamu ya shukrani. Kondoo wanane, sinia za mansaf, mchuzi wa jamid, ule mtindi uliokaushwa, unachuruzika, wanaume mia mbili ukumbini chini ya mti wangu, wanawake chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo. Desturi ni mwenye karamu asimame awashukuru wanaume wa ukoo. Nikasimama. Nikawashukuru wale arobaini na saba wa mabasi, na nilimaanisha kila neno. Nikamshukuru Daktari Taghrid, aliyekaa na wanawake.

"Na aliyempa binti yangu uhai," nikasema, "ni Mizna binti Fidda. Na Fidda ni dada yangu, binti wa Wadha. Nilimdhulumu miaka ishirini na saba, na hayumo kwenye kioo hicho. Hakuna hata mmoja wao aliyemo. Hicho si mti. Ni nusu mti, na nusu yenyewe ilikuwa haina dawa."

Hakuna aliyepeleka tonge mdomoni. Mtu mmoja nyuma akasema, "Aibu, Abu Naif, majina ya wanawake." Nilibaki nimesimama, masikio yanawaka moto, na sikujua niketi vipi.

Abu Dirgham akaegemea fimbo, akainuka. Ilimchukua muda. Nikajua nimekwisha.

"Mama yangu," alisema kwa ile sauti ya kufukuza mbwa, "aliitwa Thurayya." Akatutazama mmoja mmoja kama anayengoja wa kumbishia. "Thurayya. Nilikuwa sijalitaja tangu tumzike." Akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Mwanamume wa karibu na mlango akasema, "Wangu Hamda." Mwingine akasema, "Sabha." Mwingine, "Wangu yu hai, yumo humo ndani, anaitwa Nijma," na kutoka chumba cha wanawake kikongwe akaitikia, "Nipo!" watu wakaangua kicheko, na baada ya kicheko majina yakamwagika, kutoka kila sinia, wengine wamesimama, wengine mkono bado una wali, wengine wanalia bila kujificha.

"Polepole!" Ilikuwa sauti ya mama yangu kutoka nyuma ya mlango. "Semeni polepole nyie, daktari anaandika!"

Tuliendelea hivyo mpaka nyama ikapoa, na hakuna aliyelalamika.